Mteja amelipa mamilioni na kilele anakiona: nani mwenye neno la "tunageuza"?

#1 Mwana_Kibosho

Wakuu, heshima kwenu.

Masika yametufungia mlango huku Moshi. Wageni wa kuhesabu, matope mpaka magotini, na mimi nimekaa nyumbani na bando la wiki. Nikasema niandike kitu ambacho kimenikaa kichwani miaka mingi.

Mlima Kilimanjaro unanilisha mwaka wa 17 sasa. Miaka mitatu nilikuwa mgumu (ndivyo tunavyojiita wapagazi), miwili nikamsaidia mpishi, iliyobaki nimekuwa kiongozi wa wageni. Na tafadhali msiniite "gaidi". Nina mjomba Rombo ambaye mpaka leo anatangaza kilabuni kwamba mpwa wake ni gaidi wa Kilimanjaro. Ipo siku atakuja kuulizwa na polisi.

Kisa chenyewe. Mwaka wangu wa pili nikiwa kiongozi nilipewa mgeni wa miaka hamsini na kitu, njia ya Machame, siku sita. Tumefika kambi ya Barafu, pale mita 4,600 na ushei, chakula cha jioni hakukigusa. Anakohoa kikavu. Ukimwuliza swali, jibu linakuja baada ya wewe kusahau uliuliza nini. Saa mbili usiku nilishajua. Nikamwambia, mzee, naona hali si nzuri. Akanijibu kwamba ameweka akiba miaka minne kwa ajili ya usiku huo.

Sasa kampuni niliyokuwa naifanyia kazi, jina lake nakaa nalo, ilikuwa inahesabu vyeti. Kiongozi ambaye wageni wake wengi wamefika Uhuru, kilele chenyewe, ndiye anayeitwa safari inayofuata. Nilikuwa na mtoto wa miezi mitano. Saa sita usiku nikawasha taa ya kichwani, tukaondoka.

Chini kidogo ya Stella Point, pale ukingoni mwa kreta, alikaa kwenye jiwe. Pumzi yake ilikuwa inalia kama mrija unapofika mwisho wa soda. Saa kumi na moja alfajiri nikageuza. Tulimshusha vijana sita, baadaye tukamlaza kwenye ile machela ya gurudumu moja. Alipona. Chini kule alinikumbatia akalia. Mimi sikulia, nilikuwa napiga hesabu: kutoka saa mbili usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri ni masaa tisa. Masaa tisa nilikuwa najua.

Tangu hapo nikawa nasoma habari za wenzetu wa milima mingine, na kila ninakogusa nakuta ni suala lilelile. Kwa mfano Chamonix, Ufaransa, kwenye mlima Mont Blanc. Mwaka 1820 mwanasayansi wa Urusi, Dkt. Hamel, alikuwa anapandishwa na wenyeji. Hali ya hewa ikaharibika, theluji imejaa, na inasimuliwa kwamba wenyeji walitaka kushuka, yeye akashikilia waendelee. Theluji ikaporomoka, viongozi watatu wakafukiwa. Mteja akarudi mzima. Miaka 41 baadaye, 1861, barafu ile inayotembea polepole ikaanza kutapika mabaki yao huko chini bondeni. Mwaka mmoja tu baada ya ajali, 1821, viongozi wa Chamonix waliunda chama chao ambacho kipo mpaka leo. Kwa hiyo hii kazi yetu, tangu ilipoanza kuwa kazi yenye chama na kanuni, ilianzia kwenye kaburi la watu walioshindwa kumwambia mteja hapana.

Karibuni tuongee. Waliopanda, wanaopandisha, na wanaotuona wote vichaa.

#2 Mlipa_Kodi_Mtiifu

Mkuu, mimi nipo kundi la tatu. Nasikia Everest mtu analipa zaidi ya milioni mia kwenda kutafuta baridi. Hiyo hela napata kiwanja Goba, nyumba ya vyumba vitatu, na fensi. Halafu nikitaka baridi naenda Lushoto kwa basi.

#3 binti_pangani

#2 😂😂 na kwenye hiyo nyumba hutapiga picha umeshika bendera.

Ila kwa kweli nami nauliza, milioni mia inaenda wapi? Mlima haujajengwa na mtu, sasa unalipa nini?

#4 Mwana_Kibosho

Dada, swali zuri sana hilo. Unalipa watu. Mlima ni bure, watu ndio ghali.

Everest upande wa Nepal, kibali peke yake cha serikali kwa mgeni wakati wa msimu mkuu kilikuwa dola 11,000, na tangu Septemba 2025 ni dola 15,000. Hapo hujala hata ugali. Unaruka kwa ndege mpaka mji mdogo wa Lukla, unatembea zaidi ya wiki mpaka kambi ya chini iliyo kwenye mita 5,364, na hapo unaishi kwenye hema mwezi na zaidi. Wakati wewe unazoea hewa, kuna mafundi wa Kinepali ambao kazi yao ni Khumbu tu, lile poromoko la barafu lililo juu ya kambi. Wanafunga ngazi za aluminiamu juu ya nyufa na kutandika kamba, na kwa kuwa barafu inatembea, kesho wanarudi kurekebisha. Masherpa (wenyeji wa milima ya kule) wengine wanabeba mahema, chakula, gesi na mitungi ya oksijeni mpaka kambi ya nne, karibu mita 7,900. Kamba inafungwa kutoka chini mpaka kileleni kabla ya wateja. Mteja anakuja na kifaa chake cha kushikia, anakiingiza kwenye kamba, anapanda.

Kwa hiyo mteja akipita Khumbu mara chache msimu mzima, Sherpa amepita mara nyingi zaidi, na mzigo mgongoni. Tarehe 18 Aprili 2014 barafu iliporomoka pale, ikaua watu 16, wote wafanyakazi wa Kinepali. Hakukuwa na mteja hata mmoja kati yao. Serikali ikatangaza rambirambi ya rupia 40,000 kwa familia, kama dola 400 hivi. Masherpa wakagoma, msimu ukafa.

Bei inategemea kampuni. Za wenyeji unaweza kupata kwa dola elfu arobaini hivi, za nje zinapita hapo kwa mbali, na wapo wanaolipa zaidi ya laki moja ya dola ili wawe na kiongozi wao peke yao.

#5 Msee_wa_Nanyuki

Salaam kutoka upande wa Mount Kenya. Kaka, umegusa kitu.

Sisi huku tuna vilele viwili tofauti kabisa na wageni huvichanganya. Lenana, 4,985, unatembea tu kwa miguu. Batian, 5,199, ni kamba, mwamba, na kiongozi anayejua kazi ya mwamba kweli. Mtu huja amelipia Lenana, akifika kule juu anaona Batian iko hapo mbele ni kama jirani, anaanza kukuuliza "kwani hiyo ni ngumu aje?" Mwanzo wa shida zote ni hilo swali.

Kuhusu Everest, huku tulifurahi sana Mei 2022 James Kagambi alipofika, Mkenya wa kwanza, na alikuwa na miaka 62. Lakini huyo ni mwalimu wa milima wa miaka mingi, si mtu aliamka asubuhi moja. Halafu Mei 2024 tukampoteza Cheruiyot Kirui, aliyekuwa akipanda bila oksijeni ya mtungi. Kenya nzima ilimlilia, na alistahili. Ila kiongozi wake, Nawang Sherpa, naye hakurudi. Ulizia watu hapa jina la Kirui, kila mtu analijua. Ulizia la Nawang.

#6 Mwana_Kibosho

Pole sana ndugu yangu. Nilisoma habari hiyo nikiwa kambi ya Horombo, mtandao unakuja na kupotea. Niliyemfikiria siku nzima ni huyo wa pili.

#7 Nesi_Mpole

Naomba kusahihisha kitu ambacho nakiona sana mitandaoni: kwamba "juu hakuna oksijeni". Sehemu ya oksijeni kwenye hewa ni ileile asilimia 21, Dar au Uhuru. Kinachopungua ni mgandamizo. Kila pumzi unayovuta Uhuru inakupa kama nusu ya oksijeni unayoipata Pangani kwa binti yetu hapo juu. Kileleni Everest ni kama theluthi.

Mwili unaweza kujifunza, lakini unataka siku. Ukiuharakisha, maji yanaanza kuvuja kwenye mapafu (huo ndio mrija wa soda aliousikia mleta uzi) au ubongo unavimba. Dalili ya ubongo: mtu anayumba kama mlevi. Mwambie atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kiguse kidole. Akishindwa, ongea yake usiisikilize.

Na hapa ndipo shida ya uzi huu ilipo kitabibu. Kiungo kinachotakiwa kuamua kama turudi ndicho kinachoharibika kwanza. Mgonjwa anakwambia "niko poa" kwa dhati kabisa. Hadanganyi. Hajui.

Dawa ya kwanza ni kushuka. Ya pili ni kushuka. Vidonge na oksijeni ni vya kukusaidia wakati unashuka.

#8 Mzee_wa_Mandara

Vijana hamjambo. Nimestaafu mlima, nilianza enzi ambazo mzigo haupimwi. Siku hizi getini kuna mizani na mwisho ni kilo 20. Sisi tulibeba mpaka shingo inaingia ndani ya mabega, na tulilala mapangoni kwa sababu mahema yalikuwa ya wageni. Kuanzia 2003 kuna mradi wa kutetea wapagazi pale Moshi, umesaidia, ingawa bado zipo kampuni zinazolipa vijana kwa ahadi.

Nawakumbusha pia kwamba kwetu Marangu anatajwa Mzee Yohani Kinyala Lauwo kuwa alimwongoza Hans Meyer, Mzungu wa kwanza kufika kileleni, mwaka 1889. Mzungu kaandika kitabu, mzee karudi kwenye migomba yake.

Sasa wewe Kibosho umezunguka, hujasema lile lenyewe. Sema habari ya bakshishi.

#9 Mwana_Kibosho

Shikamoo mzee. Umenikamata.

Haya. Kwa wasiojua: mshahara wa mlima kwa siku ni mdogo. Kinachomjengea mgumu chumba ni bakshishi ya siku ya mwisho, pale kambini tunapoimba na kucheza. Safari ya wageni sita inaweza kuwa na watu ishirini na zaidi nyuma yake: viongozi, wasaidizi, mpishi, mhudumu wa mezani, kijana wa choo, wagumu. Wote wanasubiri bahasha moja.

Mgeni aliyepigwa picha chini ya ubao wa Uhuru anatoa kwa moyo mkunjufu. Mgeni uliyemgeuza mita 200 chini ya ubao anakaa kona na simu yake. Si wote, nimeona wa kinyume pia, ila mara nyingi ndivyo. Kwa hiyo ninapomwambia mtu "tunageuza" saa tisa usiku, ninatia mkono kwenye mfuko wa mgumu ambaye yuko kambini amelala na hana habari. Asubuhi ananiuliza kwa macho: kiongozi, wamefika wote?

Hilo halimo kwenye mafunzo ya uongozi. Wanatufundisha kusoma oksimita (kipimo cha oksijeni kwenye damu), huduma ya kwanza, majina ya ndege.

Na si sisi tu. Rob Hall wa New Zealand alikuwa miongoni mwa viongozi walioheshimika sana Everest, mteja alilipa dola 65,000. Mwaka 1995 alimgeuza mteja wake Doug Hansen, mfanyakazi wa posta, karibu kabisa na kilele. Uamuzi sahihi, mtu akarudi hai. Mwaka uliofuata, 1996, Hansen akarudi naye tena. Mei 10 saa ya kugeuza ilitakiwa iwe mapema mchana, isivuke saa nane. Hansen alifika juu baada ya saa kumi jioni, Hall akiwa bado anamsubiri. Dhoruba ikaingia. Hakuna aliyerudi kati yao wawili, na siku zile mbili mlima ule uliua watu wanane pande zote.

Nimeirudia hadithi hiyo mara nyingi. Wengi wanasema uroho wa fedha. Mimi naona mtu aliyeshindwa kumwambia hapana mtu yuleyule mara ya pili. Kumgeuza mgeni ni kazi. Kumgeuza mgeni uliyemgeuza mwaka jana, akauza vitu akarudi kwako kwa sababu anakuamini wewe, hiyo sijui kama ningeiweza.

#10 Mlipa_Kodi_Mtiifu

Nilikuja kucheka, sasa nimekaa kimya. Endelea mkuu.

#11 Mbeba_Box_Minnesota

Habari za huko nyumbani. Mimi ni mteja, si mpandishaji, acha nilete upande wetu.

Nilijiunga na safari ya Denali, Alaska, mita 6,190. (Ndiyo, najua Januari 2025 serikali ya huku imeurudishia jina la McKinley. Wenyeji wanasema Denali na mimi nasema Denali.) Kule hakuna mgumu wala Sherpa. Ndege ndogo kutoka Talkeetna inakushusha juu ya barafu ya Kahiltna, inageuka, inaondoka. Mzigo wako unabeba wewe: nusu mgongoni, nusu kwenye kijisleji unachokivuta kama punda wa Lamu. Hata kinyesi chako unakitia kwenye kopo maalumu la kijani unatembea nalo. Mke wangu nilipomsimulia hilo la kopo aliuliza kama nimelipwa au nimelipa.

Kampuni zinazoruhusiwa kuongoza pale ni chache mno, hifadhi ndiyo inatoa idhini, hazizidi vidole vya mikono. Tulifika kambi ya mita 4,300, upepo ukaanza. Siku sita ndani ya hema. Siku ya saba kiongozi wetu, dada wa miaka thelathini hivi, alikuja hema hadi hema na kikombe cha kahawa: chakula kinakaribia kuisha, utabiri mbaya, tunashuka. Hakukuwa na mjadala. Hela hairudi, ilikuwa imeandikwa kwenye mkataba tangu mwanzo.

Niliudhika wiki nzima. Lakini sasa nikisoma #9 naona tofauti. Yule dada alikuwa analipwa mshahara wake bila kujali sisi tumefika wapi. Bakshishi ilikuwepo, ila haikuwa chakula chake.

#12 Mwana_Kibosho

Mbeba Box, umeandika mistari miwili ya mwisho ambayo mimi nimeitafuta kwa miaka.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Ukitaka kujua kama kampuni ni salama usiulize asilimia ya waliofika kileleni, hiyo kila tovuti inajipa tisini na kitu. Uliza kiongozi analipwaje mgeni asipofika. Uliza siku ngapi: Kilimanjaro ya siku tano ni ya kumfurahisha mwenye haraka, njia ya Lemosho ya siku nane inakupa nafasi ya kupanda Lava Tower mchana na kulala chini Barranco, mwili ukajifunza. Uliza wagumu wanalala wapi na wanakula mara ngapi. Kampuni inayomnyima mgumu chakula cha pili haitakuletea oksijeni ukiihitaji.

Aconcagua pale Argentina nimeambiwa na mgeni wangu mmoja hali ni kama ya kwetu, mita 6,961, njia ya kawaida haihitaji kamba, nyumbu wanabeba mzigo mpaka kambi ya Plaza de Mulas. Kwa hiyo watu wanaudharau, kisha upepo wa juu unawafundisha.

Nepal nao wameanza kukaza: mlima wa zaidi ya mita 8,000, kila wateja wawili lazima kiongozi mmoja. Ni hatua. Ila sheria inahesabu vichwa, haihesabu nani ana neno.

#13 binti_pangani

Na ninyi wenyewe mkipanda bila mgeni inakuwaje?

#14 Mwana_Kibosho

Ahaa. Dada unajua kuuliza.

Mwaka 2021, Januari 16, Wanepali kumi walipanda K2, mlima wa pili kwa urefu duniani, wakati wa baridi kali, kitu ambacho hakuna binadamu alikuwa amekifanya. Hakukuwa na mteja. Walipobakiza mita chache walisimama, wakasubiriana, wakapiga hatua za mwisho pamoja wakiimba wimbo wa taifa. Video ile nimeionyesha vijana wangu wote. Na mwenzetu wa hapahapa, Wilfred Moshi, aliyeanzia ugumu kama sisi, alisimama Everest Mei 2012, Mtanzania wa kwanza.

Mimi bila mgeni nimepanda mara mbili tu. Ya pili nilifika Gilman's, ukingoni mwa kreta, kichwa kikaanza kugonga, nikashuka. Hakuna aliyeniuliza kitu.

#15 Msee_wa_Nanyuki

Hiyo ya Gilman's imeniua. Saa zingine mtu hujigeuza rahisi kuliko kumgeuza mwingine.

#16 Mbeba_Box_Minnesota

Kibosho, Desemba nakuja na kijana wangu wa miaka 14. Nataka Lemosho siku nane na nataka wewe. Na naandika hapa mbele ya mashahidi: ukisema tunageuza, tunageuza, na bahasha ya vijana nitaikabidhi getini kabla hatujaanza kupanda.

#17 Mwana_Kibosho

Karibu sana kaka, njoo pm. Hilo la bahasha getini sijawahi kuliona tangu nizaliwe, nitawaambia vijana wavae vizuri.

Mvua imepungua. Kesho kutwa naingia geti la Londorosi na wageni sita, nitapotea hewani kwa siku nane.

#18 Mlipa_Kodi_Mtiifu

Mkuu zimepita siku kumi, umerudi? Tuambie.

#19 Mwana_Kibosho

Nimerudi jana, miguu ipo kwenye beseni la maji ya chumvi.

Sita tuliondoka nao Barafu. Wanne Uhuru, mmoja Stella akaridhika mwenyewe. Wa sita ni dada mmoja, mwalimu, alinishinda mwendo siku zote hizo. Saa nane na nusu usiku nikamwambia atembee kisigino kwa kidole, akaenda kama mtu anayetoka harusini. Nikampa msaidizi wangu, akamshusha. Alipiga kelele, kisha akanyamaza, na mpaka getini Mweka hakunisemesha. Bahasha aliweka, sijui kiasi gani, zilichanganywa.

Aliyeniuliza pm kuhusu buti: nenda soko la Memorial asubuhi mapema, angalia soli isiwe imekauka, ikunje kwa mikono miwili. Ikitoa mlio, iache hapohapo.